Washenga wa Kutoka Melini

Sina ugomvi na meli mimi. Ugomvi wangu ni na upepo. Upepo ndio ulioizuia ile meli ya Wataliani isiingie bandari ya La Goulette Jumamosi, ikaingia Jumapili, na Jumapili ndiyo siku dereva wangu Khemais alipokuwa anakwenda kuposa.

"Si ungeomba ruhusa?" nilimwambia asubuhi pale bandarini, yeye anapangusa vioo vya basi, mimi, mtembeza wageni, nahangaika na kipaza sauti kibovu.

"Nimeomba, dada Dalenda. Wamesema meli ikija hakuna ruhusa, hata ukifiwa."

"Na wewe hujafiwa, unaoa."

"Bado sijaoa! Usinitilie nuksi." Akakishika haraka kile kisamaki cha shaba cha kukinga husuda kinachoning'inia mbele ya usukani. "Sikiliza. Posa ni baada ya alasiri. Saa hizo wageni wako watakuwa mji mkongwe wanachagua mazulia. Mimi natoka mara moja tu. Haji Salah ananisemea, mimi nakaa kimya, Fatiha inasomwa, narudi kwenye usukani. Meli yenyewe haiondoki mpaka magharibi."

Khemais ni pande la mtu, masharubu kama brashi ya viatu, na analia akiona harusi ya watu asiowajua. Amelelewa kituo cha yatima. Hana baba, hana mama, hana hata shangazi wa kusingizia. Haji Salah, mwenye gereji, ndiye aliyemfundisha kuendesha, na ndiye aliyekubali kuwa mshenga wake.

Na bila mshenga hakuna posa. Muoaji hafungui mdomo siku hiyo. Anakaa kitini kama mgonjwa anayengoja daktari, wazee wake ndio wanaosema. Tena Si Tijani (kwetu 'Si' ni kama 'Bwana'), baba wa huyo Rafika anayeposwa, alikwishatamka mtaa mzima ukisikia: "Sitaki dhahabu, sitaki nyumba. Nataka wazee waje hapa waniambie huyu ni wetu. Akimtesa binti yangu nikamshtaki kwa nani? Kwa basi?" Posa ya kwanza ilipovunjika wiki iliyopita kwa ajili ya meli nyingine, mzee alifura. Akasema Jumapili ndiyo ya mwisho. Ikipita, Khemais asimgongee mlango tena maisha yake yote.

Rafika mwenyewe anauza dawa kwenye famasia ya Bab Souika. Mahaba yao yalianzia kwenye tumbo la mgeni wangu mmoja aliyekula bambaluni, yale maandazi yetu ya sukari, mpaka akazidiwa, Khemais akakimbilia kumtafutia dawa, akarudi na dawa na moyo umemtoka. Tangu hapo mgeni akipiga chafya tu, Khemais anataka kumpeleka Bab Souika.

Basi, tukaondoka. Wageni wote walikuwa wazee, mvi tupu kuanzia kiti cha mbele mpaka cha nyuma. Kulikuwa na Signor Ettore, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndevu nyeupe zimemfika kifuani, mkononi ameshika karatasi ya ratiba kama askari aliyeshika tikiti ya faini. Pale Karthago nimesimama kwenye mabafu ya Warumi, bahari inang'aa nyuma yangu, nimechangamka maana kazi hii naipenda wallahi, nawaeleza jinsi maji yalivyoletwa kwa mfereji kutoka milimani, naye akanyoosha mkono.

"Mabafu makubwa hivi," akasema, "choo kiko wapi?"

Kundi zima likaangua kicheko. Mimi nikanuna, halafu nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Mambo yaliharibikia kijiji cha Sidi Bou Said. Wageni walikuwa wanapanda basi, midomo imejaa sukari ya bambaluni, Signor Ettore amekumbatia tundu la ndege la buluu na nyeupe alilonunua bila kuwa na ndege. Nikamwona Khemais ameweka simu sikioni na rangi imemwisha usoni.

"Dada Dalenda. Haji Salah kavunjika mguu."

"Lini?"

"Jana usiku. Kateleza hamamuni. Alikwenda kujisugua kwa ajili ya posa! Sasa hivi ndiyo wamemfunga plasta, wanawe walikuwa wanaogopa kuniambia."

Nikapandwa na mori. Nikalitukana lile hamamu, nikaitukana sabuni, nikamtukana fundi aliyepanga vigae na ukoo wake wote pande mbili. Nilitukana kwa lugha ya mtaani kwetu, tena kwa kujinafasi, maana Wataliani wale nani angeelewa?

"Binti," sauti ikasema nyuma yangu, kwa lugha ile ile, "mama yako alikuwa anakusafisha mdomo kwa kitu gani?"

Niligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikuwa amekaa bibi mwembamba, blauzi ya manjano, mkoba mapajani. Nunzia jina lake. Kutwa nzima hakuwa amesema neno ila "asante" kwa Kitaliano.

"Bibi... unaelewa?"

"Nimezaliwa La Goulette, nyuma ya kanisa. Nimeondoka hapa nina miaka ishirini. Hayo matusi yako nimeyasikia mama yako bado hajazaliwa, na zamani yalikuwa mazuri zaidi."

Khemais akakaa kwenye ngazi ya basi. "Kwa hiyo umesikia yote."

"Toka bandarini. Mpaka habari za tumbo la mgeni."

"Na ukanyamaza!" nikasema.

"Nilikuwa naburudika. Miaka yote niliyoishi ng'ambo sijasikia watu wakigombana hivi. Endeleeni tu."

Lakini hakukuwa na la kuendelea. Khemais aliinamisha kichwa, mikono imemning'inia. "Basi imekwisha," akasema. "Madereva wenzangu wote wako na meli hii hii. Dada, nisemee wewe."

"Mimi? Mimi nimeachika mara mbili, Khemais! Ukimtuma mtalaka kwenda kuposa, si bora ubebe jeneza kabisa ukaliweke mlangoni?"

"Kwani mnatafuta nini hasa?" Nunzia akauliza.

"Wazee," nikasema. "Watu wenye mvi zao, wa kusema maneno."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Geuka nyuma, binti," akasema.

Nikageuka. Mvi basi zima.

Nilijua bosi akisikia kwamba nimewapeleka abiria wa meli kwenye posa ya dereva badala ya kwenye mazulia, kazi hatuna wote wawili kuanzia kesho yake. Nikamtazama Khemais pale kwenye ngazi. Nikachukua kipaza sauti, nikawaeleza kwa Kitaliano tangu mwanzo hadi mguu wa Haji Salah.

Sijamaliza, basi likalipuka kwa shangwe. Akina mama wakaanza kuchana nywele. Mmoja akauliza kama bibi harusi ni mzuri, mwingine akamjibu hata asipokuwa mzuri, wewe inakuhusu nini. Signor Ettore pekee alisimama na karatasi yake.

"Kwenye ratiba imeandikwa maduka."

"Signor Ettore, mimi..."

"Huko kwa mzee, choo kipo?"

"Kipo. Tena kisafi."

"Twende," akasema, na karatasi akaikunja akaitia mfukoni.

Khemais aliegesha Bab Souika, kwa kuwa vichochoro vya mji mkongwe basi haliingii. Mikono mitupu haiendi posani, kwa hiyo tulivamia duka la vitamu vya baklawa tukaliacha makabati matupu, na yule muuza yasmini wa pale kona tukammalizia kapu lake lote. Halafu tukajipanga, wazee wanatangulia, mimi nawasukuma kwa nyuma, na watoto wa mtaa wanapiga kelele kwamba Si Tijani ameletewa Ulaya nzima. Njiani nilimkamata Khemais mkono.

"Wewe unafunga mdomo. Umesikia? Hata ukiungua moto, unafunga mdomo."

"Wakimuuliza huyu bibi ni nani wangu?"

"Hilo niachie mimi."

Si Tijani alifungua mlango mwenyewe. Mzee mkavu, kofia nyekundu kichwani, fimbo mkononi. Maisha yake yote alikuwa dereva wa treni ya kwenda Marsa, na mpaka leo anaamini kila mtu amechelewa. Akatutazama. Akaendelea kututazama, maana foleni ilikuwa imepinda kona na mwisho wake hauonekani.

"Nini hii?"

"Wazee, Si Tijani," nikasema. "Si ulisema unataka wazee?"

Mgeni akishafika mlangoni kwetu harudishwi, hata akija na jeshi. Lalla Mongia, mkewe, alitoa macho, kisha akapiga ukelele juu ya paa kwa majirani, na glasi zikaanza kushushwa kutoka nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto na nyumba ya nyuma, viti kwa mito kwa mikeka, ua ukajaa pomoni. Chai ikaja. Signor Ettore alimkabidhi Lalla Mongia lile tundu la ndege kwa heshima zote, akaonyeshwa choo, akarudi ametakata uso. Khemais alikaa kitini katikati, jasho linamtiririka, mdomo ameubana mpaka masharubu yamesimama.

Nunzia akainuka. Akakohoa kidogo. Halafu akasema maneno ya posa, kwa lafudhi ya La Goulette ya zamani ambayo hata bibi yangu hakuwa nayo kamili. Akamsifu Mungu, akawaombea rehema waliotangulia, akasema tumekuja nyumbani kwenu, nyumba ya heshima, tunataka mtuchanganye na nyinyi damu na jina, tunaliomba ua lenu Rafika kwa ajili ya kijana wetu Khemais, mkitupa tumeshukuru, mkitunyima hatuondoki mpaka mtupe.

Si Tijani hakuamini. Akacheka! Mzee yule sijapata kumwona anacheka. "Haya maneno umeyapata wapi, bibi?"

"Kwa jirani yetu Lalla Zeineb. Alikuwa na watoto wa kiume saba. Kila akienda kuposa alitubeba mtaa mzima, Waislamu, Mayahudi na sisi, akisema tukienda wengi wataogopa kukataa."

Majirani juu ya paa wakacheka, Lalla Mongia akafuta machozi, nami moyoni nikasema imekwisha, tumeshinda. Ndipo Si Tijani akaegemeza kidevu kwenye fimbo.

"Na wewe, bibi, ni nani wa Khemais?"

Nunzia akafungua mdomo, na mimi nikaona anataka kuusema ukweli, nikaona kazi yote ile inamwagika chini. Nikamuwahi.

"Mama yake wa kunyonya!" nikasema kwa sauti kubwa. "Alimnyonyesha akiwa mchanga!"

Nilijiona hodari. Mama wa kunyonya ni mama, nani atabisha? Lakini Lalla Mongia aliweka sinia chini.

"Mtaliano?" akasema. "Alikuwa ananyonyesha watoto wa hapa?" Akageuka kwa mumewe. "Tijani! Rafika wangu nilipomzaa nikashikwa na homa, nani alimnyonyesha mwezi mzima?"

Si Tijani akasimama taratibu. "Yule nesi," akasema. "Mtaliano. Akahama, hatukumwona tena."

"Mrefu, mwembamba," Lalla Mongia akasema, na macho yake yalikuwa kwa Nunzia. "Mwembamba hivi hivi."

Kama Nunzia ndiye aliyemnyonyesha Rafika, na mimi nimeshatangaza mbele ya paa zote kwamba alimnyonyesha Khemais, basi Khemais na Rafika ni ndugu wa ziwa moja, na ndugu hawaoani mpaka kiama. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimeiharamisha ile ndoa. Mlangoni mwa jiko nikamwona Rafika ameshika fremu kwa mikono miwili. Khemais akatoa mguno, akasahau amri yangu, akainuka.

"Mimi sijanyonyeshwa na mtu yeyote!" akapiga kelele. "Nimekunywa maziwa ya kopo!"

"Kaa chini!" tukamwambia watu kumi kwa pamoja.

"Na nyinyi wote nyamazeni," akasema Nunzia. Akageuka kwanza kwangu. "Binti, unasema uongo kama unavyotukana, bila mpango. Mimi niliondoka nchi hii kijana huyu bado miaka ishirini azaliwe." Halafu akamgeukia Si Tijani. "Sikumnyonyesha yeye, wala binti yako. Sikupata mtoto hata mmoja. Huyu nimemwona leo asubuhi, na jioni naondoka na meli."

Nikafumba macho. Nilisikia fimbo ya Si Tijani ikigonga vigae.

"Leo asubuhi," mzee akasema. "Umemjua leo asubuhi, ukaja nyumbani kwangu kuniambia kijana wetu?"

"Ndiyo. Sasa nisikilize na mimi. Nimekuja na meli hii kwa sababu moja, kuona nyumba niliyozaliwa kabla sijafa. Asubuhi tulipopita La Goulette niliona mtaa wetu, nyumba haipo, pamejengwa mgahawa wa samaki. Sikumwambia mtu. Nikageuza uso dirishani nikalia. Huyu aliniona kwenye kioo chake. Hakuniuliza kitu. Akazunguka na basi, akapita tena mtaa ule ule, taratibu sana. Akazunguka tena mara ya tatu. Huyu binti mwenye mdomo akamfokea kwamba amepotea njia, naye akasema samahani dada, nimepotea. Hakunijua mimi nani. Hakujua naelewa lugha. Wewe, Si Tijani, unataka kumjua mtu kwa miaka mingapi?"

Jamani. Nilikuwa nimemfokea kweli. Nilimwita punda.

Si Tijani aliketi tena kitini. "Wamekuja hapa washenga wawili kabla yenu," akasema. "Wote wajomba wa damu. Wote waliapa. Wa kwanza, mpwa wake alikuwa ana mke. Wa pili, mpwa wake alikuwa jela." Akainua fimbo akaizungusha juu ya ule umati uliokaa uani. "Na hawa wengine? Hawa nao wanasemaje?"

Nunzia akawauliza kwa Kitaliano. Signor Ettore ndiye aliyesimama wa kwanza, makombo ya baklawa kwenye ndevu, akapiga kifua.

"Ni wetu!" akasema.

"Ni wetu!" wakadakia akina mama. "Ni wetu!" likaitika kundi zima, wanaojua linalosemwa na wasiojua, mpaka zile kuta nne za ua zikavuma. Khemais aliziba uso kwa viganja.

"Akimtesa binti yangu," Si Tijani akauliza, "nimshtaki kwa nani?"

"Kwangu," Nunzia akajibu. "Naishi Trapani, ng'ambo tu hapo. Njoo na hiyo fimbo, sisi tutamshika."

Mzee akageukia jikoni. "Rafika! Wewe unasemaje?"

"Baba," Rafika akasema, na sauti yake ilikuwa nusu kicheko nusu kilio, "mimi nimekubali toka ile dawa ya tumbo."

Fatiha ikasomwa. Sisi tuliinua viganja, Wataliani wakatutazama wakainua vyao, Signor Ettore ameinua juu kupita wote. Ilipofika amina, Lalla Mongia akapiga vigelegele, majirani wakapokea, na Nunzia akatoa kigelegele kirefu cha zamani kilichowanyamazisha wote, kisha wakaanza upya kwa fujo zaidi. Mimi nilikuwa nacheza. Nilikuwa nimesahau kila kitu duniani.

"Meli inaondoka lini?" Si Tijani akauliza.

Nikatazama juu. Jua lilikuwa limeshaacha paa.

"Ebo!" akafoka mzee. "Wazee wa mkwe wangu waachwe na meli? Wapisheni!" Akatangulia mbele yetu kwa njia za mkato anazozijua yeye, anapiga fimbo ukutani, tunapita katikati ya maduka wote mbio, Signor Ettore anachechemea huku anacheka. Kwenye basi Si Tijani akapanda naye, akakaa kiti changu, nami nikasimama.

"Ondoa gari!" akaamuru. "Honi! Huyo mpite! Kaa kulia!" Basi likavuka mbio daraja la ziwa lililo kati ya mji na bandari, huku nyuma yangu wanaimba, na mzee anamkemea Khemais kwa kila gari tuliloacha nyuma na kwa kila gari lililotangulia. Tukafika bandarini mabaharia wameshaanza kufungua kamba.

Waliteremka mmoja mmoja, na kila mmoja alimbusu Khemais mashavu yote mawili. Nunzia alikuwa wa mwisho. Akaushika uso wa lile jitu kwa mikono yake miembamba.

"Harusini nakuja," akamwambia. "Mimi ndiye mshenga. Mkianza bila mimi, nitawafanyia vurugu." Kwangu akasema tu, "Binti, mdomo," lakini alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Akapanda ngazi ya meli bila kushikwa mkono.

Meli ikaondoka. Ndani ya basi tulibaki watatu, karatasi za baklawa na harufu ya yasmini. Khemais alirudi kwenye usukani, mgongo wima, anangoja hukumu. Si Tijani alikuwa bado ametazama mbele.

"Unafunga breki mapema mno," akasema.

"Ndiyo, Si Tijani."

"Lakini umewafikisha."

"Ndiyo, Si Tijani."

"Haya, washa gari, mwanangu, twende nyumbani. Mama yako anatungojea na chakula."

Khemais akashika ufunguo, akauachia. Akaushika tena. Akaegemea usukani kwa kifua chake kizima akalia, na honi ya basi ikalia naye, bandari nzima ikageuka kututazama, mabaharia, mapolisi wa lango, mpaka wavuvi kule ukingoni. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nalia na kucheka, na yule mzee, mkali kama pilipili, hakumwambia aache.